Fundi Marzouq na Meza ya Kahawa Yenye Silinda Nane

Saa moja na nusu ya asubuhi, na jua la Ibra, mji wa ndani wa Oman, halina habari kwamba bado ni asubuhi. Katika sanaiya, mtaa wa magereji ulioko pembeni mwa mji, Marzouq bin Yaqoob ameinamia bloku ya injini kama daktari aliyechoshwa na mgonjwa asiyefuata masharti. Mkono wa kulia umeshika kipimo. Wa kushoto umeshika gilasi ya chai ya maziwa iliyopoa zamani. Mdomo nao una kazi yake: kugomba.

"Nani kaichonga hii? Nani?" anaiuliza silinda ya tatu. "Kaichonga kwa mashine au kwa meno?"

Silinda inanyamaza. Mwenye gari, aliyekuja nalo kutoka Sinaw, anatazama viatu vyake. Anamjua aliyeichonga. Ni shemeji yake.

"Njoo Jumapili," Marzouq anamwambia. "Na huyo fundi wako mwambie akauze halua. Halua ikiharibika, mtu hakwami nayo katikati ya barabara ya Sur na watoto wamo ndani."

Marzouq ana miaka sitini na moja. Arobaini kati ya hiyo ameimaliza kwa kuchonga silinda, yale matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Injini ikizeeka, matundu hulika yakawa na umbo la yai. Yeye huyarudisha kuwa duara kwa kuyapanua kidogo sana, unene wa unywele au nywele chache. Mwezi mzuri humwachia riali mia nne na hamsini baada ya kodi ya gereji. Mwezi mbaya humwachia mia mbili na lawama.

Majirani zake wanasema hasira za Marzouq ni kama dozi ya hospitali: asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Lakini tangu mwezi wa Rajabu, wanasema, mzee amezidisha dozi.

Sababu iko nyuma ya gereji, chini ya paa la mabati. Hapo zimepangwa injini tano juu ya fremu za chuma, zote za Shavrole, zote za silinda nane, kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Wanafunzi wa ufundi huja kuzitazama. Mtu yeyote akisimama hapo dakika mbili, Marzouq atamtembeza kutoka mwanzo hadi mwisho, apende asipende.

"Hii ya buluu ni ya mwaka sabini na nane," anasema, akiipiga kofi la mgongo. "Kabla yake walikuwa wakipaka rangi ya chungwa. Ukiona chungwa, umeshajua umri wake bila kuuliza. Wakaacha, wakapaka buluu. Kwa nini? Kawaulize. Hii nyeusi ni ya themanini na sita. Naona hata buluu iliwashinda."

Anafika kwenye ya mwaka tisini na tano, iliyotolewa kwenye Kapris, gari ambalo nusu ya wanaume wa mkoa huu wa Sharqiyah walilioa, yaani walilipenda kuliko ndoa. Hapo sauti inapanda.

"Sasa tazama. Distribyuta, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, wamekiweka wapi? Chini ya pampu ya maji. Chini! Pampu ikitoa chozi moja, gari linaweza kukuzimikia. Mtu kasoma chuo kikuu, ana tai shingoni, kakaa kitako akafikiri, akasema: umeme tuuweke chini ya maji. Na wenzake wakampigia makofi!"

Ya mwaka 2003 ni ya aluminiamu, nyepesi, na hiyo anaisamehe. Ya 2010 haisamehi. "Hii ikiona barabara imenyooka, inalaza silinda nne. Nne zinavuta, nne zimelala. Kama ofisi. Na siku hizi wanatia silinda nne tu na tabo ya kuzisukumia hewa kwenye pikapu zima. Hiyo siitaki hapa. Hiyo ni cherehani."

Lakini safu hii imeng'oka jino la mbele. Mahali pa kwanza kabisa, kabla ya ile ya buluu, pana fremu tupu na tairi kuukuu juu yake. Hapo ndipo ilipokuwa injini ya rangi ya chungwa ya mwaka 1975, injini ya baba yake. Marzouq akifika hapo analipiga tairi teke, anarudi kazini.

Baba yake, marehemu Yaqoob, alikuwa fundi wa malori Tabora. Alirudi Oman mwaka 1974 na mke, watoto wanne, sanduku moja la spana, na Kiarabu cha kuombea maji. Watu wa Ibra walikicheka Kiarabu chake, kisha wakamletea magari yao. Baada ya miaka miwili alinunua pikapu la Shavrole lenye injini ya rangi ya chungwa, kwa fedha aliyoikusanya kwa kulala njaa.

Mwaka 1983 mafuriko ya wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, yalilichukua pikapu lile, yakalikunja kama karatasi ya sambusa. Yaqoob alirudi siku ya tatu na ngamia wawili wa jirani, akaivuta injini kutoka kwenye matope. Akaiosha, akaichonga silinda, akaiweka juu ya fremu, akaipiga stata. Ikaunguruma. Ubavuni mwa bloku akagonga kwa patasi herufi ya jina lake na mwaka: 1984. Mwaka 1999 akaichonga tena, akagonga tena.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Idi, baada ya sala, kabla ya kahawa, Yaqoob huiwasha ile injini nyuma ya gereji, na watu wa sanaiya husimama kuisikiliza. Alipofariki mwaka 2011, Marzouq akaendelea. Idi haikupita kimya hata mara moja.

Mpaka Idi Ndogo ya mwaka huu.

Mkosaji, akiulizwa Marzouq, ni kijana anayeitwa Bassam, mwenye mgahawa wa kahawa katika mji mkongwe wa Nizwa, ndani ya moja ya zile nyumba za udongo zilizotengenezwa upya ili wageni wapigie picha kuta zake. Mkosaji, akiulizwa Tamima, mke wa Marzouq, ni Marzouq.

Mwezi wa Rajabu, Bassam alikuja Ibra kuchongesha chuma cha mashine yake ya kusagia kahawa. Wakati anasubiri, akazunguka nyuma. Akaiona ile ya chungwa.

"Ya salaam, ammi!" akaita kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ammi akimaanisha ami. "Injini hii mzuri sana, wallahi! Mimi sijaona mzuri kama hii!"

Aliyelelewa katika adabu za huku anajua kinachofuata. Mgeni akisifu kitu chako, unamwambia halalak, yaani halali yako, chukua. Mgeni anaruka kama kachomwa na kaa la moto: hasha, Mungu akubarikie nacho! Wewe unashikilia kidogo, yeye anakataa zaidi, kisha mnakunywa kahawa na kila mtu anabaki na mali yake. Kwa njia hiyo mtu anaweza kupewa saa, jambia, mbuzi na shamba mara kumi kwa mwaka bila hata kimoja kutoka mlangoni kwa mwenyewe.

Marzouq akasema, "Halalak, mwanangu."

Bassam akasema, "Wallahi? Shukran jazilan, ammi!"

Marzouq akacheka. Alidhani kijana ana mzaha. Kesho yake akaenda zake Al Ayjah, ng'ambo ya hori la Sur, kutazama mashine ya mteja. Huku nyuma likaja lori lenye kreni. Wafanyakazi wa gereji za jirani walisaidia kuipakia injini, maana waliisikia "halalak" kwa masikio yao. Mmoja alimletea dereva chai.

"Nilirudi wakati wa magharibi," Marzouq anasimulia, "nikakuta alama ya oili chini. Nikauliza: iko wapi? Wakanijibu wote kwa furaha: imekwenda, fundi! Tumeifunga vizuri, haitakwaruzika!"

Tamima alimshauri apige simu aseme alikuwa anatania. Hapo ndipo panapomkaba. "Nimwambie nini? Kwamba halalak yangu ni ya mdomoni? Neno nimelitoa mbele ya watu wanne. Imesemwa, mwenye kutoa kisha akakirudia alichotoa ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Mimi mbwa?"

Hivyo akanyamaza, na kunyamaza kukamla. Asubuhi ya Idi Ndogo watu walitoka msikitini, wakaja nyuma ya gereji kama ada, wakakuta tairi. Jirani mmoja, hakusudii ubaya, akauliza kama mwaka huu litawashwa tairi. Hajazungumza na Marzouq tangu siku hiyo, na si kwa kupenda kwake.

Wiki moja baadaye binti yake Khulood, mwalimu wa shule, akamwonyesha picha kwenye simu. Marzouq akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

Ilikuwa ni meza. Juu, kioo kinene. Chini ya kioo, bloku ya baba yake, imepakwa rangi ya dhahabu. Pistoni hazimo. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, haimo. Ndani ya kila silinda imemiminwa gundi ngumu inayong'aa kama kioo, na ndani ya gundi zinaelea buni za kahawa.

"Kahawa!" Marzouq anapiga ngumi juu ya meza ya kazi mpaka spana zinaruka. "Ndani ya silinda! Mtu aliyeivuta ile kwa ngamia, siku tatu matopeni, leo ametiliwa kahawa!"

Juzi Jumatatu aliendesha saa moja na nusu mpaka Nizwa. Kuomba hawezi, lakini alikuwa na hila. Ataisifu meza. Bassam, mtoto wa watu, atalazimika kusema halalak, naye Marzouq, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hatakataa.

Khulood alikwenda naye, na yeye ndiye anayesimulia, maana baba yake akijaribu hukatika katikati.

Walikalishwa kwenye meza ile ile. Bassam hakumkumbuka mara moja, kisha akamkumbuka, akamkumbatia. Akaleta kahawa yenye picha ya jani juu ya povu, riali mbili na baisa mia nne. Marzouq akaiweka pembeni kama kitu kilichookotwa njiani.

"Mashallah," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ngome ya Nizwa. "Meza nzuri hii."

"Shukran, ammi!" Bassam akafurahi. "Ngoja, hujaona bado." Akainama, akabonyeza kitu. Silinda zote nane zikawaka taa kutoka chini. Buni zikang'aa kama kunguni katika kaharabu.

Khulood anasema alimwona baba yake akishika ukingo wa kiti. Akajaribu tena. "Wallahi, meza hii imenipendeza rohoni."

"Kila mtu anapenda, ammi! Watu wanatoka mpaka Maskati, wanapiga picha."

Mara ya tatu. "Mwanangu, tangu nizaliwe sijaona meza iliyonipendeza kama hii."

Bassam akavuta kiti, akakaa, akamsogelea kwa siri. "Basi ammi, tufanye biashara. Mimi nataka kufungua ya pili. Wewe una injini nyingine?"

Marzouq alilipa, akaacha kahawa na jani lake, akatoka. Kisha akasema maneno ambayo mwalimu wa shule hawezi kuyarudia.

Kitu kimoja tu kilimpoza, nacho anakitaja kwa sauti ndogo. Chini ya rangi ya dhahabu aliziona zile alama. Herufi ya Yaqoob, 1984. Herufi ya Yaqoob, 1999. Hazikusagwa. "Kaziona nakshi," anasema. "Mjinga wa Mungu, kaziona nakshi, akaziacha."

Jana jioni simu yake ikalia, namba asiyoijua. Marzouq aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na grisi, kwa hiyo Tamima alisikia yote, na kinachosikiwa na Tamima hakikai.

"Wewe ndo Marzouq wa Ibra?" iliuliza sauti ya kizee, Kiswahili cha Mji Mkongwe wa Unguja kilichonyooka kama kanzu iliyopigwa pasi.

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mie Ghanima, bibi yake Bassam, nipo Manah, hapa karibu na Nizwa. Mjukuu wangu kanijia anacheka: bibi, kaja mzee kaisifu meza yangu mara tatu, kapenda hata kahawa hakunywa. Nkamuuliza, wewe ukamjibuje? Ananambia, nlimwambia shukran. Shukran! Mtu kasifu mara tatu anajibiwa shukran, kama kapishwa njia!"

Marzouq hakutaka kumsema kijana mbele ya bibi yake, ingawa alikuwa na ya kusema ya kutosha kujaza lori.

"Nkamuuliza, na meza kaitoa wapi? Ananambia kapewa na mzee wa Ibra, kasema halalak. Basi mwanangu, nkajishika kichwa. Nkasema, ole wetu, huyu mtoto kabeba mali ya watu kwa neno la adabu. Ana mashine ya kahawa kama ndege, jawabu la neno moja hana!"

"Bibi, nilimpa mwenyewe. Siwezi kuidai."

"Nani kakwambia udai? Ijumaa njoo ule chakula cha mchana. Nshamwamrisha alete hiyo meza kwangu, namwambia nataka kuiona. Na hayo machuma mengine yote aliyoyatoa ndani yake yamo stoo yangu, yameniziba njia. Wewe ukifika isifu. Mara moja tu, usijichoshe. Jawabu lake namfundisha mie."

"Na akikataa?"

"Akatae? Mgahawa kaufungua kwa dhahabu ya nani?"

Ungedhani hapo hasira imekwisha. Haijaisha. Leo Jumatano, siku ya soko la wanawake la Ibra, Tamima amepita gereji akitoka huko na kikapu chenye ubani na kanga mbili, amemkuta mumewe akisaga chuma kwa nguvu isiyohitajika. Pembeni yake yamepangwa mabomba manane mapya ya chuma, membamba, yanang'aa. Bloku ya baba yake ilishachongwa mara mbili na haina tena unene wa kuchongwa mara ya tatu, kwa hiyo gundi ikishatolewa kwa moto mdogo, kila silinda itavikwa bomba jipya ndani. Kuna wiki tano kabla ya Idi Kubwa. Anasema zinatosha, mtu asipomsemesha.

"Fanya mazoezi," Tamima anamwambia. "Ijumaa usije ukamrukia mtoto wa watu mbele ya bibi yake. Haya, mimi Bassam. Nisifie meza."

Marzouq anapumua. "Mashallah, meza nzuri."

"Shukran, ammi."

"Tamima!"

"Nilikuwa nakupima tu." Anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafunua kikapu. "Unamkasirikia sana huyu mtoto. Hajafundishwa, ndiyo. Lakini mbuzi wa mzee Taimur je?"

Marzouq anazima mashine.

Mbuzi wa mzee Taimur ni habari ambayo familia hii haiitoi kwa wageni. Mwezi wake wa kwanza Ibra, Yaqoob, ametoka Tabora juzi, alipita kwa jirani akasifu mbuzi. Jirani, mzee Taimur, akasema halalak. Yaqoob akashukuru kwa Kiarabu chake kile, akamtia kamba mbuzi, akaenda naye nyumbani. Wakamla kwa wali. Ilimchukua mwaka mzima kuelewa alichofanya, na mzee Taimur hakusema neno mpaka anazikwa. Aliendelea kuleta gari lake kwa Yaqoob. Ngamia wawili walioivuta ile injini kutoka kwenye wadi walikuwa wake.

Marzouq anapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Mbuzi hakutiwa taa," anasema hatimaye.

Tamima anacheka mpaka ubani unamwagika. Marzouq hacheki, ila mdomo wake unapata taabu.

Kisha anasema anachokitaka. Hataki kuombwa radhi. Anataka kijana aseme neno lile kwa kinywa chake, na alijue maana yake wakati analisema. Akishasema, Bassam atabaki hapo Manah au aje Ibra, shauri yake, lakini akija atashika msasa na kukwangua dhahabu mpaka chungwa litokee, na wakati anakwangua atasimuliwa habari ya wadi na ngamia. Ya mbuzi pia, kama atakwangua vizuri. Na chini ya 1999 Marzouq atagonga mwaka wa tatu, herufi ya kwake.

"Akinijibu tena shukran," anaongeza, na sauti inapanda upya, "nitakula wali wa bibi, nitanawa, nitatoka. Sitaidai. Lakini nitamkasirikia mpaka kiyama, na kiyama nako nitamtafuta."

Anakwenda nyuma, chini ya mabati. Analiinua tairi kuukuu kutoka kwenye fremu, analitupa mbali, mbali zaidi kuliko lazima. Anaifuta fremu vumbi. Jirani yake, yule wa tairi, amesimama ukutani na gilasi mbili za chai, anaogopa kusogea. Marzouq anapokea moja.

"Siku ya Idi, baada ya sala, watu waje kama zamani," anamwambia. "Waje wasikilize. Wasisifu."